UZI: Desemba ya Minneapolis. Bajeti ya jiji, theluji, sherehe, na ile barua ya kodi ambayo wengi wetu tunaitupa

MkongweWaNorthside – 29 Novemba 2024

Habari za siku nyingi wanajukwaa. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Najua wiki hii kila mtu macho yako kwenye ratiba ya zamu. Sikukuu ndizo hizi, nyumba za wazee nyingi zinalipa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na mwenye ada ya Januari inayomsubiri Eldoret au Mwanza hawezi kuziachia. Mimi mwenyewe nimeandikwa zamu tano za usiku. Lakini huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na kila Desemba naona jambo lilelile: mwezi ambao sisi tunalala kidogo kuliko yote ndio mwezi ambao jiji linakaa kuamua pesa zetu za mwaka mzima. Tunakuja kushtuka Machi. Kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Naanza na barua. Novemba hii, kila mwenye nyumba au kiwanja katika kaunti yetu ya Hennepin ametumiwa barua inayoonyesha kodi ya majengo inayopendekezwa kwa mwaka ujao. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili, usilipe. Basi mtu akishasoma "si bili" anaitia kapuni pamoja na matangazo ya Krismasi. Ndugu zangu, hiyo ndiyo barua muhimu kuliko bili yenyewe, kwa sababu bili ikija mambo yameshakwisha. Kwenye hii kuna safu mbili: ulicholipa mwaka huu na utakachotozwa mwaka ujao, zimegawanywa kaunti kivyake, jiji kivyake, wilaya ya shule kivyake. Chini kuna tarehe, saa na mahali ambapo kila mmoja wao atakaa kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kupitisha.

Tena sheria ya Minnesota inawalazimu kufanya vikao hivyo kuanzia saa 12 jioni au baadaye, makusudi ili mtu aliyetoka kazini aweze kufika. Wametuwekea mlango na wakauacha wazi, sisi hatupiti.

Mwaka huu kuna jambo la kuangalia. Meya Jacob Frey alipendekeza makusanyo ya kodi ya majengo ya jiji yapande kwa asilimia 8.1 mwaka 2025, kwenye bajeti inayokaribia dola bilioni 1.9. Madiwani 13 wa kata zote wamekuwa wakiivuta na kuipunguza. Kura inapigwa Desemba hiihii. Mwenye nyumba ataiona kwenye bili, na mpangaji ataiona kwenye barua ya mwenye nyumba ya kuongeza pango. Asikudanganye mtu kwamba hili ni la wenye nyumba peke yao.

Nilikwenda kikao kama hicho miaka miwili iliyopita. Nilitoka zamu ya mchana, nimevaa sare zangu za kazi na koti juu yake. Unajiandikisha jina, unakaa, unaitwa. Unapewa dakika mbili. Hawaulizi uraia, hawaulizi karatasi, hawaulizi lafudhi umeitoa wapi. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye hasira kali kwamba nyumba yake imethaminiwa juu kuliko inavyostahili. Aliongea hadi sauti ikamkauka, kisha akaelezwa kwa upole kwamba thamani ya nyumba hupingwa wakati wa machipuko, baada ya barua ya uthamini inayokuja Machi. Desemba ni mwezi wa bajeti, yaani jiji litatumia ngapi na kwa kazi gani. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa na hoja nzuri, ila aliileta mwezi usio wake.

Mimi nilizungumzia kona za njia ya miguu. Nilimweleza kila aliyekaa pale mbele kuhusu bibi mmoja ninayemhudumia, anatumia kiti cha magurudumu, na jinsi kila greda la kukwangua theluji likipita linaacha kilima cha barafu pale kwenye kona, basi linasimama ng'ambo na yeye hawezi kulifikia. Diwani mmoja aliandika. Sikuwa na uhakika kama ananiandika mimi au anaandika mambo yake, lakini baada ya kikao msaidizi wake alinifuata kwenye korido akaniuliza ni kona ipi.

Nitaendelea na theluji kesho, ngoja nikalale.

---

KijanaWaKisii – 29 Novemba 2024

Asante sana mkuu. Hii barua nimeiona kwa meza tangu wiki jana na sijaifungua. Swali: sisi tumenunua nyumba Agosti, first time. Jirani ananiambia kuna kitu tunafaa kuandikisha kabla mwaka uishe, ati bila hiyo tutalipa kodi kubwa. Ni kweli?

---

MkongweWaNorthside – 30 Novemba 2024

Hongereni sana kwa nyumba, wewe na mama watoto. Ndiyo, ni kweli, na usilale nalo.

Wenyewe wanaita homestead. Ni kuiambia serikali kwamba hii nyumba ni yako na unaishi ndani yake wewe mwenyewe, hukuinunua ili upangishe. Nyumba nyingi za kawaida zikiandikishwa hivyo kodi inapungua, na vilevile inakufungulia njia ya kuomba marejesho ya kodi ya majengo kwa jimbo. Haiji yenyewe kwa kuwa umenunua. Lazima uombe, na ukishaomba mara moja huhitaji kurudia kila mwaka maadamu hujahama. Mwisho ni 31 Desemba: uwe unaimiliki, unaishi humo, na umeshapeleka maombi. Kuomba ni bure. Nasisitiza bure kwa sababu kuna watu hutuma barua zinazofanana na za serikali wakitaka uwalipe ili wakujazie fomu ya ukurasa mmoja. Kwa Minneapolis unapeleka kwa mthamini wa jiji. Miji mingine ya kaunti, piga simu manispaa yako uulize inapokelewa wapi.

Wangapi humu wamenunua nyumba mwaka huu na hawajafanya? Mwambieni kila mtu kwenye vikundi vya chama na kanisani.

---

MkongweWaNorthside – 30 Novemba 2024

Sasa theluji. Hapa nitasema kwa uchungu kidogo kwa sababu nililipia somo hili.

Baridi yangu ya kwanza hapa nilikuwa na Corolla ya mwaka 2003, ndiyo mali yangu yote. Theluji ilianguka mchana kutwa. Nikarudi, nikaegesha mbele ya nyumba kwenye barabara kubwa, nikala, nikalala saa 1 jioni ili niamke kwa zamu ya saa 5 usiku. Saa 4 na robo natoka na chupa yangu ya chai mkononi. Barabara nyeupe, imekwanguliwa safi, hakuna gari hata moja. Nilisimama pale nikitazama alama ya matairi yangu ilipokatika. Nilidhani nimeibiwa. Jirani ndiye aliyenionyesha bango jekundu pale kwenye mlingoti, nililokuwa napita chini yake kila siku tangu Septemba. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimeuliza. Nililipa faini, nikalipa kukokotwa, nikalipa kila siku gari lilipolala yadi, na zamu ile nikaikosa.

Kwa hiyo shikeni hivi. Jiji likitangaza dharura ya theluji, hutangaza kabla ya saa 12 jioni, na sheria zinaanza saa 3 usiku uleule.

Siku ya kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi: usiegeshe upande wowote wa barabara zenye mabango mekundu ya njia za dharura ya theluji. Hizo ndizo barabara kubwa.

Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku: kwenye mitaa mingine isiyo na mabango hayo, usiegeshe upande wa nyumba za namba shufwa, yaani zinazoishia na 0, 2, 4, 6, 8.

Siku ya tatu, saa zilezile: usiegeshe upande wa witiri, 1, 3, 5, 7, 9.

Barabara ikishakwanguliwa yote hadi ukingoni, unaweza kurudisha gari hata kabla saa hazijaisha. Lakini muwe na uhakika limepita upande mzima, maana greda hupita zaidi ya mara moja.

Tatizo letu sisi wa zamu za usiku mnaliona hapo. Tangazo linatoka jioni tukiwa tumelala, sheria inaanza saa 3 kabla hatujaamka. Dawa yake ni kujiandikisha upate ujumbe wa simu kutoka jijini, na usiizime sauti. Au fanyeni kama sisi kwenye jengo letu: yeyote aliye macho akisikia, anagonga milango. Mwaka jana binti wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia, wa ghorofa ya pili alinigongea saa 2 na nusu usiku, nikatoka na kandambili kwenye theluji kuhamisha gari. Vidole viliniuma usiku mzima lakini gari nililo nalo leo ni lilelile.

---

MtotoWaTarime – 30 Novemba 2024

Mkongwe, ongeza na hili: kila mji una sheria zake! Mimi naishi St. Paul, nafanya kazi Minneapolis, na nimechanganya mara mbili. Huku kwetu dharura pia inaanza saa 3 usiku, lakini sisi tuna njia za usiku, zenye mabango, na njia za mchana. Za usiku zinakwanguliwa saa 3 usiku hadi 12 asubuhi, zilizobaki ni za mchana, saa 2 asubuhi hadi 11 jioni. Na miji ya pembeni mingi hairuhusu kabisa gari kulala barabarani usiku wakati wa baridi, theluji iwepo isiwepo. Ukienda kulala kwa shemeji Krismasi, muulize kwanza gari utaliweka wapi.

Halafu mnakumbuka nyumbani Tanzania juzi, 27 Novemba, ndugu zetu wamechagua wenyeviti wa mitaa na vijiji. Nimeongea na mzee wangu, amepanga foleni tangu asubuhi na miguu yake ile mibovu. Mimi hapa miaka sita simjui diwani wangu jina. Nimejisikia vibaya kweli.

---

DadaLubumbashi – 1 Desemba 2024

Mungu awabariki kwa hii maneno. Miye niko mupya hapa, iko miezi tano tu, niko na batoto batatu. Kingereza yangu ingali kidogo. Kama nataka kuuliza mambo ya theluji ao ya nyumba, nitauliza nani? Mwenye nyumba hasafishe njia mbele ya mulango, mutoto alianguka jana.

---

MkongweWaNorthside – 1 Desemba 2024

Pole sana dada, na mtoto apone haraka. Karibu sana Minnesota.

Piga 311. Hiyo ndiyo namba ya jiji kwa mambo yote yasiyo ya hatari. Hatari, moto au mgonjwa ni 911. Ukishapokelewa sema neno moja tu, "Swahili", kisha subiri. Watakutafutia mkalimani kwenye simu na hulipi chochote. Kurasa za theluji za jiji utazikuta pia kwa Kihispania, Kisomali na Kihmong, lakini kwa mkalimani wa simu huhitaji kusoma.

Kuhusu njia: theluji ikikoma kuanguka, nyumba ya familia moja au mbili ina saa 24 za kusafisha njia ya miguu mbele yake. Majengo ya ghorofa yenye wapangaji wengi na maduka yana saa nne tu za mchana. Kama jengo lenu ni kubwa, mwenye nyumba amechelewa siku nyingi. Kwanza mwandikie ujumbe, uwe na ushahidi. Piga picha. Asiposafisha, iambie 311 anwani. Jiji litakwenda kukagua, na likilazimika kusafisha lenyewe gharama inamrudia yeye. Hakuna anayeuliza kwa nini umelalamika.

Na kama baba watoto au wewe mwenyewe mtashika koleo: msiitupe theluji barabarani, hairuhusiwi. Chumvi isiwe nyingi. Wataalamu wa mazingira wa jimbo wanasema kikombe kimoja cha kahawa cha aunsi 12 kinatosha vigae kumi vya njia ya miguu, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuharibu galoni tano za maji moja kwa moja, maana chumvi ikishafika ziwani haitoki. Na baridi ikishuka chini ya 15 za Fahrenheit, kama nyuzi -9 za Selsiasi, chumvi ya kawaida haiyeyushi kitu. Hapo mwaga mchanga. Jiji linatoa mchanga bure kwa wakazi, uje na ndoo na koleo lako.

Dada, nikuulize: jiko na joto la nyumba liko sawa? Kama bili ya umeme au gesi imekuzidi, usikae kimya. Kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili kuna kanuni ya jimbo inayokulinda usikatiwe joto, ila ulinzi hauji wenyewe. Unapiga simu kwa kampuni, unaomba mpango wa malipo unaolingana na kipato chako, na unaushika. Watu hukatiwa kwa sababu waliogopa simu ile moja.

---

DadaLubumbashi – 4 Desemba 2024

Nimepiga. Mwanamuke wa kutafsiri alikuwa mutu wa Bukavu! Tulisalimiana kwanza. Leo asubui nimeona watu wawili na koleo mbele ya mulango. Aksanti mukubwa, aksanti sana.

---

MkongweWaNorthside – 13 Desemba 2024

MREJESHO wa bajeti.

Wiki hii ilikuwa nzito. Baraza limepitisha bajeti, na nyongeza ya makusanyo ya kodi ya majengo imeshushwa kutoka asilimia 8.1 hadi 6.8. Meya akaipinga kwa kura ya turufu, akisema madiwani wamekata mahali pasipostahili na kuweka pesa mahali pasipo na uhakika. Wiki hiyohiyo madiwani wakarudi wakapiga kura tena: tisa kwa wanne. Wako 13, na kumshinda meya kunahitaji theluthi mbili, yaani tisa kamili. Mmoja angegeuka, turufu ingesimama.

Fikirini hilo. Diwani mmoja. Kata moja ina watu wapata 33,000, na ukihesabu waliofika kikaoni kusema neno, wanatosha basi moja.

Sisemi nani alikuwa sahihi. Nina maoni yangu: ile nafuu ya asilimia 1.3 naipenda kwenye bili, lakini nimewahi kufanya kazi mahali palipokatwa bajeti na najua inavyokuwa kazi ya watu wanne ikifanywa na wawili. Ninachotaka ni kwamba humu ndani tuwe na watu wa kubishana juu yake huku tunajua namba. Nilifurahi kwamba safari hii nilimwona KijanaWaKisii amekuja na mkewe. Walikaa nyuma. Hawakusema kitu, lakini walikuja.

---

KijanaWaKisii – 13 Desemba 2024

Nitasema mwaka ujao. Mwaka huu nilikuwa nasikiliza vile watu wanaongea. Kulikuwa na mama mmoja alisoma maneno yake kwa karatasi, mkono unatetemeka, na wote wakanyamaza. Nikaona kumbe si lazima mtu awe wakili.

Homestead tumepeleka. Ilichukua dakika kumi.

---

BiMwambao – 15 Desemba 2024

Mmesema ya kodi, semeni na ya furaha. Watoto wangu wameshinda wanauliza tutakwenda wapi likizo, na mimi si mtu wa kulipa tiketi za watu wanne.

---

MtotoWaTarime – 15 Desemba 2024

Dada, Holidazzle imerudi! Kwa wageni: ilianza 1992 kama maandamano ya taa usiku kwenye Nicollet Mall, magari yamefunikwa balbu, watu wamevaa mavazi ya hadithi za watoto. Maandamano yalikoma 2013, ikawa tamasha la bustanini, na mwaka jana haikufanyika kabisa kwa kukosa pesa. Mwaka huu wameirudisha Nicollet Mall, na kuingia ni bure. Nenda wiki hii, ni siku chache tu. Vaa soksi mbili, na watoto uwavishe glavu za mfuko mmoja wa vidole, si zile za vidole vitano. Vidole vikikaa pamoja vinapeana joto.

Na Januari mwishoni njooni kwetu St. Paul kwenye Winter Carnival. Ilianza 1886, baada ya mwandishi mmoja wa gazeti la New York kusema huku ni Siberia nyingine, hakufai binadamu kuishi. Wazee wa mji wakajibu kwa kujenga kasri la barafu na kuwaita watu waje washerehekee kwenye baridi ileile.

---

BiMwambao – 28 Desemba 2024

Nimerudi kuwasimulia. Holidazzle tulikwenda, watoto walifurahi. Lakini nataka kusema ya juzi.

Nilialikwa na mwenzangu wa kazini, Mmarekani Mweusi, kwenye Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, kwenye ukumbi wa jumuiya huku North. Mimi miaka yote nilikuwa nasikia tu. Mnajua ilianzishwa 1966 na Maulana Karenga, huadhimishwa 26 Desemba hadi 1 Januari, na jina lenyewe wamelitoa kwenye "matunda ya kwanza". Wameongeza a ya mwisho ili herufi ziwe saba.

Naingia, mtu mlangoni ananiambia "Habari gani?" Nikajibu kama ninavyojibu Mombasa, "Njema, habari zenu." Akanitazama. Kumbe jibu la siku ile ni "Umoja", kila siku ina neno lake. Nikaona ukutani maneno yote saba yameandikwa kwa rangi: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Mezani kumetandikwa mkeka. Kinara kina mishumaa saba, mweusi katikati, myekundu mitatu upande huu, ya kijani mitatu upande ule. Kuna mahindi, bunzi moja kwa kila mtoto. Wallahi moyo uliniruka. Hayo ni maneno ya jikoni kwa mamangu, na hapa yamevaa nguo za sikukuu.

Palikuwa na bibi mmoja, umri wake hauko chini ya themanini, kofia ya zambarau. Mwenzangu akamwambia huyu anatoka kwenye lugha yenyewe. Bibi akanishika mkono, mkono mkavu wa moto, akaniambia: miaka yote hii sina hakika kama nalisema sawasawa lile la pili, hebu nisemee. Nikamwambia polepole: ku-ji-cha-gu-li-a. Akarudia. Nikamwelezea kwamba "ji" ile ni mtu mwenyewe, kwamba ukiitoa unabaki na kumchagulia mwingine, na kwamba herufi mbili tu ndizo zinazotofautisha anayechagulia wengine na anayejichagulia. Akafumba macho. Akasema neno hilo mara tatu, vizuri kabisa, halafu akawaita watoto wote waje walisikie. Nikasimama mbele ya ukumbi ule nikiwasomesha watoto thelathini silabi, wanangu wawili wakinisaidia, wao ambao nyumbani nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Mwisho wakapaza "Harambee!" mara saba, mikono juu, wanavuta chini. Mie nimelia. Sijui kama Wakenya wenzangu mmewahi kuisikia ikisemwa na watu ambao babu zao walichukuliwa pwani nyingine kabisa, karne nyingi, na bado wakaja kuchagua neno letu.

Njiani kurudi, mwanangu mdogo kwenye gari ananiuliza: Mama, ujima ni nini? Nikamwambia ni kulima shamba la jirani leo, naye aje alime lenu kesho. Akakaa kimya, akasema, "Kama Mama Pacha anavyotusafishia theluji."

---

MtotoWaTarime – 28 Desemba 2024

Nimesoma hii mara mbili. Ujamaa tulikaririshwa darasani kwa Mwalimu mpaka tukalichoka. Sikujua kuna mahali linawashiwa mshumaa. Hiyo siku yake ni lini?

---

BiMwambao – 28 Desemba 2024

Ya nne, kesho 29. Wako wazi kwa kila mtu. Nina nafasi mbili garini, napita Lake Street saa 10 jioni. Na DadaLubumbashi, uje na watoto, kuna chakula.

---

DadaLubumbashi – 28 Desemba 2024

Tutakuja. Nitapika pondu, majani ya muhogo.

---

KijanaWaKisii – 6 Januari 2025

Niinue uzi kidogo. Ndugu yangu mdogo amepanga apartment Brooklyn Park, anauliza: ile kodi ya majengo inaingia kwa rent yake, hakuna kitu mpangaji anarudishiwa?

---

MkongweWaNorthside – 6 Januari 2025

Ipo, na imebadilika, kwa hiyo mwambie asome hapa vizuri.

Jimbo lina nafuu ya kodi kwa wapangaji, kulingana na kipato na kodi ya pango aliyolipa. Zamani ilikuwa fomu ya peke yake, unaituma Agosti unasubiri. Kuanzia mwaka wa kodi 2024, yaani hizi karatasi tunazojaza sasa, inadaiwa ndani ya ripoti yake ya kodi ya mapato ya Minnesota. Asipowasilisha ripoti hiyo kwa sababu kipato chake ni kidogo, ndiyo kaikosa.

Anahitaji karatasi moja kutoka kwa mwenye nyumba, inaitwa CRP. Inaonyesha amelipa pango kiasi gani mwaka mzima. Mwenye nyumba anatakiwa kumpa kufikia 31 Januari. Kama alihama katikati ya mwaka, anahitaji mbili, moja kwa kila nyumba, na ile ya nyumba ya zamani huenda imetumwa anwani ya zamani. Aende akaiulizie huko sasa hivi, kabla mpangaji mpya hajaitia kapuni akidhani ni tangazo.

Theluji inaanza tena hapa dirishani kwangu. Natoka kuhamisha gari.